Rodi ya Tano

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tukuyu
Tarehe: 17/06/2025. Muda wa kuanza: saa 4:10 asubuhi

Jina: Tulia Lazaro Mwakalukwa
Umri: Miaka 17
Jinsi: Ke
Kabila: Mnyakyusa
Dini: Mkristo
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha nne (yuko likizo)
Makazi: Ibighi, Tukuyu
Aliyeambatana na shahidi: Tusekile Mwakalukwa, shangazi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeambiwa kuwa nikiandika uongo naweza kushtakiwa, nimeelewa. Sajenti Asajile alianza kwa kuniuliza maswali, mimi nikawa najibu kwa kutikisa kichwa. Akasema, "Binti, kichwa kikitikisika mimi siwezi kukiandika." Akanipa kalamu na karatasi. Shangazi Tusekile, dada yake baba, amekaa pembeni yangu kwa sababu sijafikisha miaka kumi na minane. Hajui ninachoandika. Anadhani naandika yale aliyoyaeleza yeye Jumapili.

Aliyoyaeleza yeye Jumapili ni kwamba Tamimu Salehe, fundi wa gereji yetu, alifungua chuma chini ya gari la baba kwa makusudi ili baba apate ajali. Kwa maneno hayo Tamimu yuko mahabusu hapa kituoni. Kwamba alifungua chuma ni kweli, nilimwona. Kwamba ni makusudi si kweli, na anayeweza kuthibitisha hivyo ni mimi peke yangu. Nitaeleza tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia mwishoni nitaonekana mtu mwema.

Baba yangu ni Lazaro Mwakalukwa, fundi magari. Gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu. Kazi yake kubwa ni pikapu zinazobeba ndizi na viazi. Shule ya msingi mimi nilisoma ya Kiingereza, na vitabu vya magari karibu vyote ni vya Kiingereza, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo nilikuwa namsomea. Baba analala chini ya gari, anatoa mkono, anauliza, "Wanasemaje hapo, macho yangu?" Mimi nasoma, nageuza kwa Kiswahili, yeye anafanya. Alikuwa ananiita hivyo, macho yangu. Naandika hili kwa sababu linahusika.

Tamimu alikuja gerejini kwetu mwaka jana mwezi wa tatu. Ana miaka ishirini na mmoja. Mama yake ni Mama Saada, fundi cherehani wa hapa mjini, na mjomba wake Hafidhi ana gereji Kiwira. Baba alimchukua kwa sababu anachomelea vizuri. Mshono wake wa kuchomelea umelala kama nywele zilizosukwa, hilo hata mimi siwezi kulipinga, ingawa nimejaribu. Wiki ya pili tu baba akamshoneshea ovaroli ya bluu yenye jina la gereji mgongoni. Mimi sijawahi kushonewa ovaroli. Nilikuwa navaa koti kuukuu la baba, mikono imekunjwa.

Mwanzoni nilimwita Kaka Tamimu. Baadaye nikaacha kumwita chochote.

Kuhusu gari. Baba ana pikapu ya zamani aliyoiwekea injini kubwa kwa ajili ya mbio fupi. Mbio zenyewe ni magari mawili kusimama sambamba na kuchomoka kwa mstari ulionyooka, mita mia nne, basi. Zinafanyika kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo upande wa Lupepo, katikati ya mashamba ya chai. Gari la baba lilikuwa na nguvu lakini halikuwa linashika ardhi. Pikapu zina springi za mabamba. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, difu, ule mhimili unaobeba tairi za nyuma, inataka kujizungusha, mabamba yanajikunja, tairi zinaruka ruka badala ya kusukuma. Mwaka jana alishindwa na Hafidhi wa Kiwira kwa sababu hiyo, na Hafidhi alimwambia mbele ya watu, "Fundi Lazaro, gari lako linacheza ngoma, sisi tumekuja mbio."

Mwezi wa pili mwaka huu, jioni moja baada ya kazi, baba alikuwa chini ya pikapu. Tamimu na mimi tulikuwa tumechuchumaa nje, mimi nimeshika tochi. Baba akasema atatoa springi za mabamba, ataweka za koili, zile za waya mnene uliozungushwa, halafu difu ataishikilia kwa vyuma viwili virefu vyenye umbo la ngazi, kimoja kila upande.

"Ngazi haina maneno mengi," alisema. "Unachomelea, unafunga, yamekwisha."

Mimi nilikuwa nimesoma kwenye simu karibu wiki nzima kuhusu jambo hilo. Nilijua ngazi ni imara na ni rahisi, lakini ukishaifunga ndivyo itakavyokaa, huwezi kuibadili kwa hali ya siku. Kuna njia nyingine ya rodi nne, mbili juu na mbili chini, na mbele ya kila rodi kuna bamba lenye mashimo. Ukihamisha rodi kutoka shimo moja kwenda jingine unabadilisha jinsi tairi zinavyokandamizwa wakati wa kuchomoka. Kwetu huku lami ikikauka asubuhi, mchana imelowa. Nikaona rodi nne ndizo zetu.

Sikumwambia baba. Sauti yangu haiendi mbali, na baba akiwa chini ya gari hasikii vizuri. Nilimnong'oneza Tamimu aliyekuwa karibu. Akasema, "Ehe, endelea." Nikaendelea. Nilipomaliza, akainama akapaza sauti:

"Mzee, vipi tukiweka rodi nne zenye mashimo? Mvua ya huku si haituombi ruhusa? Ikinyesha, tunahamisha shimo tu."

Baba alijivuta akatoka chini ya gari, uso wote umejaa grisi. "We kijana! Hiyo umeitoa wapi?"

"Tulikuwa tunaongea hapa na Tulia," Tamimu akajibu.

Baba alikuwa ameshaanza kucheka na kumpiga piga begani. "Injinia huyu! Jamani, nimeletewa injinia nyumbani, mimi nilidhani ni mchomeleaji!"

Nimeandika alivyosema Tamimu ili nisimwonee. Alitaja jina langu. Baba hakulisikia na mimi sikulirudia. Lakini kuanzia siku ile Tamimu akawa Injinia, na zile rodi zikawa rodi za Injinia. Wateja wakija baba anamwita, "Injinia, hebu waelezee wazee rodi zako." Tamimu anaeleza, anachanganya mambo mawili matatu, wazee wanatikisa vichwa kwa heshima, mimi nawaletea chai. Baba akamwachia kiti cha mbele kwenye gari. Akawa anamgombeza pia, kwa sauti kubwa, kama mtu anavyomgombeza mwanawe wa kiume. Hata kule kugombezwa nilikuonea wivu. Mimi baba hanigombezi. Shangazi aliniona nimenyamaza akanitania, "Gwe Tulia, mbona umenuna hivyo? Kama unampenda huyo kijana sema, tujue." Nikaondoka mezani. Hakuwa amekosea kwamba nilikuwa na jambo. Alikosea jambo lenyewe.

Sasa naeleza kuhusu rodi ya tano, ndiyo ambayo Sajenti ameiweka hapa mezani ikiwa na lebo.

Springi za mabamba hazifanyi kazi ya springi tu. Zinaishikilia difu pande zote, mbele, nyuma na ubavuni. Ndiyo maana pikapu zote ambazo baba na mafundi wa huku wametengeneza maisha yao yote hazina rodi ya kukingama, na hakuna aliyewahi kuihitaji. Lakini sisi tulitoa mabamba. Rodi nne zinaizuia difu isiende mbele, isirudi nyuma, isijizungushe. Hazizuii isiende pembeni. Kwa hiyo lazima iwepo ya tano, inayokatiza chini ya gari, ncha moja kwenye chesisi na nyingine kwenye difu. Bila hiyo, gari likisukumwa kwa nguvu difu inahama upande mmoja, tairi inagusa chesisi, na hapo dereva hana gari tena.

Nilijua hilo. Wakati wa kutengeneza nilimwonyesha Tamimu mchoro nikamwambia, "Kuna ya tano hapa."

Akauliza, "Hii kazi yake nini?"

Nikamjibu, "Ipo kwenye mchoro. We chomelea."

Akacheka, "Sawa, mwalimu," akachomelea. Sikumweleza. Kumweleza kungechukua muda mfupi kuliko huu niliotumia kuandika. Nilitaka kibaki kitu kimoja chini ya lile gari ambacho Injinia hakijui.

Mnamo tarehe 14/06/2025, siku ya Jumamosi, tulifika kiwanjani Lupepo saa 3 asubuhi. Tulikuwa baba, Tamimu, Shangazi Tusekile na mimi. Kulikuwa na ukungu na manyunyu. Watu walikuwa wengi, wengine wamepanda juu ya malori ya ndizi ili waone. Hafidhi alikuwepo na gari lake. Alimsalimia Tamimu, akamtania, "Mjomba, hilo ovaroli ni la Ibighi lakini damu ni ya Kiwira, usisahau." Tamimu akamjibu, "Leo damu itapanda gari la Ibighi." Watu wakacheka. Shangazi alisikia maneno hayo na ameyatumia katika maelezo yake. Mimi pia niliyasikia. Yalikuwa utani wa mjomba na mpwa wake.

Ilipokaribia zamu yetu, baba alikaa kwenye usukani akawasha gari kulipasha moto. Kukawa na kitu kinagonga chini, ko, ko, ko. Tamimu akainama kuangalia. Ile rodi ya kukingama ilikuwa inagonga ekzosi mpya tuliyoifunga Ijumaa. Akamwambia baba.

Baba alisema dirishani, "Injinia, pikapu nimetengeneza mpaka mvi hizi, sijaona yenye hiyo rodi. Ina kazi gani? Kama haina kazi itoe, tunaitwa."

Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nimeshika jeki. Tamimu alizunguka akachuchumaa karibu yangu kabisa, uso wake ulikuwa hauna mzaha. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Tulia, ile rodi tukiitoa inakuwaje?"

Naandika nilichomjibu neno kwa neno. Nilisema, "Si wewe Injinia wa rodi nne? Kamwambie baba."

Akasema, "Tulia, nakuuliza kweli."

Nikasema, "Na mimi nakujibu kweli."

Nadhani angeweza kurudi kwa baba akasema, mzee, mimi sijui. Lakini watu walikuwa wamesimama pale, Hafidhi anatazama, na baba alikuwa ameshamwita Injinia mbele yao wote. Mimi nilijua itamwia vigumu sana kusema hajui. Nilijua kwa sababu na mimi nimeshindwa kusema vitu vingi mbele ya watu. Nilikuwa nangoja aumbuke, ndiyo nilichokuwa nangoja. Nilidhani atasema hajui, baba atauliza, nani anajua, halafu ningetoka nyuma ya gari.

Hakusema hivyo. Alichukua spana, akalala kwenye majani yaliyolowa, akafungua bolti mbili, akatoa ile rodi akaiweka pembeni. Akapaza sauti, "Tayari, Mzee!" Baba akamwonyesha kidole gumba.

Kutoka pale hadi mstari wa kuanzia gari lilikwenda taratibu. Mimi nilikuwa na muda. Niliita "Baba." Niliita kwa sauti yangu hii. Injini ilikuwa inanguruma. Sikukimbia kwenda mbele ya gari, na nilikuwa na miguu.

Bendera iliposhushwa gari lilichomoka vizuri kuliko siku zote. Naandika hili ijapokuwa Sajenti hakuniuliza. Tairi hazikuruka hata kidogo. Watu walipiga kelele, na mimi kwa muda mfupi sana nilifurahi, kwa sababu rodi nne zilifanya kazi kama nilivyosoma. Halafu nyuma ya gari ikahamia kushoto, kama mtu aliyesukumwa nyonga. Kukatoka moshi wa tairi upande huo. Gari likakata kushoto, likavuka mtaro, likagonga tuta la udongo pembeni ya chai.

Tamimu ndiye aliyefika kwanza. Alivunja kioo kilichobaki kwa mkono, ndiyo maana ana bandeji. Shangazi ameeleza kuwa jeraha lile alilipata akikimbia. Si kweli. Alikuwa anamshika baba kichwa kisiinamie kifuani hadi gari la wagonjwa lilipokuja, na alikuwa anasema, "Mzee, niitikie. Mzee, ni mimi." Mimi nilisimama hatua chache nikimwangalia akifanya vile, na nitaandika hata hili: niliona ameshika nafasi yangu.

Baba amevunjika paja na mbavu, na aliumia kichwa. Amefanyiwa upasuaji. Jumapili Shangazi alikuja hapa kutoa maelezo, na siku hiyo hiyo Tamimu akakamatwa. Nyumbani wote wanasema alitumwa na mjomba wake. Nilikuwepo wakisema. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nilijiambia kuwa sijasema uongo kwa sababu sijasema chochote.

Jana, Jumatatu, saa 8 mchana, baba alifumbua macho akaanza kutambua watu. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake tangu asubuhi, nimeshika vidole vyake. Aliniangalia muda mrefu. Nikasema, "Baba, ni mimi." Akasema, "Tamimu yuko wapi?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za wodi. Sikulia kwa sababu ya ajali. Nililia kwa sababu ya neno lile. Nikawaza kuwa Tamimu akibaki mahabusu, akafungwa miaka, baba atamsahau, au atamchukia, na gereji itarudi kuwa na watu wawili. Niliwaza hivyo kwa makini kabisa, nimekaa, mikono magotini. Sikuyafukuza mawazo hayo. Niliyaacha yafike mwisho wake. Mwisho wake nilimwona baba yuko chini ya gari, ametoa mkono, anauliza wanasemaje hapo, na mimi namsomea, na kila ninachomsomea najua na yeye hajui.

Leo asubuhi nilipofika hapa na Shangazi tulimkuta Mama Saada nje ya geti la kituo, ameshika hotipoti ya chakula cha mwanawe. Shangazi alimpita bila salamu. Mama Saada akaniambia mimi, "Baba anaendeleaje, mwanangu?" Nikasema anaendelea vizuri. Akasema, "Alhamdulillahi. Mwambie tunamwombea." Yeye ndiye aliyenishonea sare ya shule.

Kabla sijaanza kuandika, Sajenti aliniambia kuwa Tamimu ameeleza alitoa ile rodi kwa akili yake mwenyewe na hakumuuliza mtu yeyote. Nimeshangaa. Aliniuliza mara mbili. Huenda ananikinga kwa sababu ni mtoto wa Mzee. Huenda hawezi kukubali, hata humu ndani, kwamba kulikuwa na kitu hakijui. Sijui ni lipi, na kila nikilifikiria naona wivu upya, kwa sababu hata kosa amelichukua lote yeye.

Kwa hiyo naomba yaandikwe haya. Tamimu Salehe hakujua kazi ya rodi ya tano. Mimi nilijua. Aliniuliza kabla hajaitoa na mimi nikamnyima jibu kwa sababu ya wivu, nikijua gari halitakwenda salama. Hakutumwa na Hafidhi wala na mtu mwingine. Na wazo la rodi nne lilikuwa langu. Nimemuuliza Sajenti kama hilo la mwisho linaweza kuingia, amesema halisaidii kesi upande wowote. Nimeomba libaki.

Niliyoandika hapa yote nimeyaona na kuyatenda mimi, hakuna aliyenielekeza, na sitaki mtu mwingine ayachukue.

Sahihi: T. L. Mwakalukwa

MAELEZO YA ASKARI
Maelezo haya yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mbele yangu, yamemalizika saa 6:35 mchana. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi, amesaini. Mlezi Tusekile Mwakalukwa ameyasoma, amekataa kusaini, ametoka nje bila kumsubiri shahidi. Shahidi ameelezwa kuwa hatatoka kituoni hadi mkuu wa upelelezi asome maelezo yake. Ameomba kuonana na mtuhumiwa Tamimu Salehe. Mtuhumiwa ameelezwa ombi hilo pamoja na kilichoandikwa. Amesema hataki kumwona. Ameuliza tu kama fundi Lazaro ameshaanza kula.

Asajile, Sajenti